Msingi wa Chuo na Haki ya Ardhi

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii sisi waalimu huwapa wanafunzi kila mwaka waitungie insha, nao hutuletea habari za marafiki wanafiki na wachumba waliodanganywa na sura. Katika makala hii twapenda kuielekeza kwenye nyumba ya namna ya pekee, yaani chuo. Swali letu ni hili: chuo kilichoanzishwa kwa nia ya kuwaelimisha watu, lakini juu ya ardhi yenye madai na kwa fedha zilizotokana na dhuluma, chaweza kuitwa chema? Na waanzilishi wake wastahili heshima gani kwetu sisi tulao matunda ya kazi yao?

Swali hili halikutujia hewani. Katika shule moja tuliyopata kufundisha zamani palikuwa na ugomvi wa mpaka. Kila mvua zilipokaribia, wazee wawili wa kijiji jirani walikuja ofisini kudai kipande cha shamba kilichokwisha kugeuzwa uwanja wa mpira. Mwalimu mkuu aliwaonyesha hati yenye muhuri. Wao nao walimwonyesha, kwa kidole tu, makaburi ya baba zao nyuma ya goli. Hati ilikuwa ya kweli, na makaburi yalikuwa ya kweli. Sisi waalimu vijana tuliwacheka wazee wale walipokwisha kuondoka. Leo hatucheki.

Ili tupate kulipima jambo hili bila hasira ya nyumbani, tumechagua mfano wa mbali. Katika jimbo la Tennessee, Marekani, juu ya uwanda wa milima ya Cumberland, kipo Chuo Kikuu cha Kusini, ambacho wengi hukiita kwa jina la mahali kilipo, Sewanee. Ni chuo cha Kanisa la Kiaskofu, ambalo ni tawi la Kimarekani la Kanisa la Kianglikana. Mwasisi wake mkuu alikuwa Leonidas Polk, Askofu wa Louisiana, mtu aliyesomea uaskari kabla ya kusomea uchungaji. Mwaka 1856 aliwaandikia maaskofu wenzake wa majimbo ya kusini akiwataka waungane kujenga chuo kikuu kimoja kikubwa. Tarehe 4 Julai 1857 walikutana juu ya mlima wa Lookout, karibu na mji wa Chattanooga, wakaanza kazi.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya mahali. Miji kadhaa, kama vile Huntsville, Atlanta na Chattanooga, ilitajwa, na kila upande ulivutia kwake. Mwisho Sewanee ikashinda. Kampuni ya kuchimba makaa ya mawe iliyokuwa huko ilitoa ekari 5,000. Na pamoja na ardhi iliyotolewa na wengine, chuo kilipata karibu ekari 10,000. Bila shaka kampuni iliona faida yake pia, kwa maana chuo kingeleta watu mlimani na kuikuza thamani ya mali yake. Tena zawadi hiyo ilikuwa na sharti: chuo kisipofunguliwa katika muda wa miaka kumi, ardhi itarudi kwa kampuni.

Tarehe 10 Oktoba 1860 Askofu Polk aliweka jiwe la msingi mbele ya umati mkubwa. Ahadi za fedha zilikuwa zimekaribia nusu milioni ya dola. Lakini fedha za nani? Hapo ndipo tunapofungua mlango wa nyumba. Waliotoa ahadi walikuwa hasa matajiri wa mashamba ya pamba na miwa, na utajiri wao ulikuwa jasho la watumwa. Polk mwenyewe alipata kumiliki watumwa kwa mamia. Miongoni mwa waliowakaribisha maaskofu na kuwasaidia alikuwamo John Armfield, aliyekuwa mmoja wa wenye kampuni kubwa kabisa ya kununua na kuuza watu nchini Marekani katika miaka ya 1830. Wala waasisi hawakuficha kusudi lao. Walitaka vijana wa kusini wasomee nyumbani, wasije wakarudi kutoka kaskazini na mawazo ya kuuchukia utumwa. Elimu ilikusudiwa iwe ukuta wa kuulinda mfumo ule.

Vita vilipozuka mwaka 1861, Polk alivaa sare ya jenerali wa majimbo yaliyoasi. Mwaka 1863 askari wa serikali ya Muungano walilivunja lile jiwe la msingi. Tarehe 14 Juni 1864 kombora la mzinga lilimwua Polk katika jimbo la Georgia. Vita vilipokwisha mwaka 1865, zile ahadi zilikuwa zimepeperuka kama makapi, na utumwa uliokuwa nguzo yake ulikuwa umefutwa. Kilichobaki kilikuwa ardhi, na muda wa sharti ulikuwa unayoyoma. Charles Todd Quintard, tabibu aliyekuwa sasa Askofu wa Tennessee, alipanda mlimani mwaka 1866 akasimamisha msalaba, kisha akavuka bahari kwenda kuomba msaada kwa Waanglikana wa Uingereza. Tarehe 18 Septemba 1868 chuo kilifunguliwa kikiwa na waalimu wanne na wanafunzi tisa. Ardhi ikaokoka.

Tukitafakari kisa hiki twaona jambo moja la ajabu. Watu hawa waliliheshimu mno sharti la kampuni. Walihangaika usiku na mchana ili neno lililoandikwa katika hati lisivunjwe. Lakini je, kabla ya kampuni ile, ardhi ilikuwa ya nani? Milima hiyo ilikuwa nchi ya Wacherokee, nao waliondolewa hatua kwa hatua, kwa mikataba ya mwanzoni mwa karne ya 19, wakisukumwa na nguvu za wahamiaji. Wengine husema kwamba watu wa aina hiyo walipoteza ardhi kwa sababu hawakujua kalamu. Sisi tufundishao lugha inatupasa kulikataa neno hilo. Mcherokee mmoja aitwaye Sequoyah aliibuni, kufikia mwaka 1821, hati ya kuiandika lugha yake, na mwaka 1828 taifa lake lilianza kuchapa gazeti. Walikuwa na kalamu, walikuwa na katiba, walikuwa na mawakili. Hata hivyo, mwaka 1838 waliobaki mashariki walifukuzwa kwa bunduki kwenda magharibi, na yakadiriwa kwamba watu 4,000 hivi walikufa katika uhamisho huo. Basi kasoro haikuwa kwa aandikaye. Ilikuwa kwa msomaji asiyetaka kusoma.

Kuna watakaotujibu kwamba si haki kuwahukumu watu wa kale kwa macho ya leo, kwani kila mtu ni mtoto wa zama zake. Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini zama moja huzaa watoto wengi, wala hawafanani. Katika zama zile zile alikuwako mmisionari Samuel Worcester, aliyesaidia kulichapa gazeti la Wacherokee. Mwaka 1831 jimbo la Georgia lilimtia gerezani kwa kukataa kuitii sheria ambayo ililiingilia taifa lile. Mwaka 1832 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba yeye ndiye mwenye haki, ingawa uamuzi huo haukuwaokoa Wacherokee. Tena mwaka ule ule wa 1857, wakati maaskofu wa kusini walipokuwa wakipima mahali pa chuo chao, David Livingstone alihutubia Cambridge, na kutokana na wito wake vikaungana vyuo vikuu kuanzisha misheni ya Afrika ya Kati. Misheni hiyo ndiyo iliyokuja Unguja, na siku ya Krismasi mwaka 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali palipokuwa soko la watumwa. Edward Steere, aliyelisimamia jengo lile, ndiye yule ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kimewasaidia wanafunzi wengi wa lugha hii.

Kanisa moja, mwaka mmoja, mawazo mawili. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba nuru haikuwako. Ilikuwako, ila wengine waliifumbia macho kwa sababu ilimulika ghala zao.

Lakini tusije tukadhani kwamba kwa kuwanyoshea kidole Wamarekani sisi tumejitakasa. Watumwa wa soko la Unguja walikamatwa na kusafirishwa na wafanya biashara waliosema lugha hii tunayoifundisha, na misafara ilipita katika nchi zetu za bara kwa msaada wa watawala wetu. Kiswahili kilifika huku juu kikiwa kimefuatana na pembe za ndovu na minyororo. Na kuhusu ardhi, wasomaji wa Uganda hawana haja ya kukumbushwa Mapatano ya 1900, yaliyogawa maeneo ya maili kwa Kabaka, kwa wakuu na kwa misheni, na kuwafanya wakulima wengi wawe wapangaji katika ardhi waliyozoea kuilima. Shule zetu nyingi nzuri zimesimama juu ya maeneo kama hayo. Je, tuzibomoe?

La, hatusemi zibomolewe. Chuo si fedha iliyoibwa ambayo yaweza kurudishwa mfukoni ilikotoka. Ni maisha ya watu wengi, na wengi wao hawakuwamo katika kosa la mwanzo. Lakini twakataa vilevile neno la wale wasemao kwamba matunda mema husahaulisha mizizi. Nia njema haisafishi msingi. Yaweza kuongeza chumba juu ya chumba, lakini msingi utabaki ulivyo mpaka mtu ashuke kuutazama.

Hapa ndipo penye suala la uongozi. Mwanzilishi hupimwa kwa kile alichojenga. Lakini aliyerithi hupimwa kwa ukweli alioukubali. Sewanee yenyewe yatupa mifano ya pande zote mbili. Baada ya vita chuo kiliwapokea majenerali walioshindwa kuwa viongozi na waalimu, kama vile Josiah Gorgas na Edmund Kirby Smith, na kwa miaka mingi kikaitukuza kumbukumbu ya upande wao. Mwaka 1952 wadhamini wa chuo walikataa kuwapokea watu weusi hata katika shule ya theolojia. Ndipo mkuu wa shule hiyo pamoja na wengi wa waalimu wake walipojiuzulu. Waalimu hao hawakuwa na ekari wala kura. Walikuwa na kazi zao tu, nao waliziweka mezani. Mwaka 1953 wadhamini wakaubadili uamuzi wao. Miaka mingi baadaye, mwaka 2017, chuo kilianza kuchunguza rasmi uhusiano wake na utumwa, na mwaka 2020 halmashauri yake ikatamka hadharani kwamba yakataa kuutukuza uasi ule uliopigania utumwa.

Wapo waliosema kwamba kufanya hivyo ni kuwavua nguo wazee. Wahenga wetu wana jibu: mficha uchi hazai. Chuo kisichoweza kuitaja asili yake hakiwezi kuzaa elimu ya kweli, kitazaa vyeti. Maana kazi ya chuo ni kutafuta ukweli, na anayetafuta ukweli kila mahali isipokuwa chini ya kiti chake mwenyewe, huyo hautafuti.

Kwa maoni yetu basi, mambo matatu ndiyo yanayompasa kiongozi aliyerithi nyumba yenye msingi wa mashaka. La kwanza ni kuyasema yaliyotokea, kwa majina na kwa miaka, bila kupunguza wala kuongeza. La pili ni kuwasikiliza wenye madai hata kama hawana hati, kwani sheria yaweza kumaliza kesi bila kuimaliza haki. Mgala muue na haki yake mpe. La tatu ni kuufungua mlango wa nyumba hiyo kwa wale hasa ambao jasho au ardhi yao ndiyo iliyoijenga, wala wasiingie kama waombaji.

Nasi waalimu, tusio wadhamini wala maaskofu, sehemu yetu ni ipi? Twafikiri ni kubwa kuliko tunavyodhani. Sisi ndio tunaomwambia mtoto jina la mahali alipokaa na maana yake. Sisi ndio tunaoamua kama insha ya historia ya shule itaanza na siku ya kufunguliwa kwake au na watu waliolima pale kabla yake.

Wazee wale wawili hawapo tena duniani. Uwanja wa mpira upo, na makaburi yalikuwa bado nyuma ya goli tulipopita mara ya mwisho, ingawa majani yameyafunika. Kama tungerudi kufundisha pale, tusingeweza kuirudisha ardhi ile. Si yetu kuitoa. Lakini tungewachukua wanafunzi wetu, tuwape majembe, wayapalilie makaburi yale. Kisha tungewaambia waandike, kwa Kiswahili safi, majina ya waliolala hapo na jinsi shule yao ilivyopata uwanja wake.