Matokeo ni Ghaibu, Kazi Tunaiona

"Mama, kukisia nani atachukua tuzo ni sawa na kupiga ramli?"

Aliyeniuliza ni kijana anayesomea uigizaji TaSUBa, taasisi yetu ya sanaa hapa Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Mimi ni mshonaji, na mavazi mengi ya maigizo yao hupita kwenye cherehani yangu. Msimu wa tuzo ukifika, vijana hujaa kibarazani kwangu wakibishana: huyu anazungumzia Jahazi la Dhahabu, tuzo ya tamasha la filamu la ZIFF kule Unguja, yule anazungumzia Oscar. Kijana hakuwa akitania. Amesoma madrasa kwa ustadhi kwamba kile ambacho nafsi itakichuma kesho ni miongoni mwa mambo matano ambayo ujuzi wake uko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Swali lake linataka jibu la kweli.

Mpiga ramli hudai ameoneshwa kilichofichika. Huchora mchanga wake, akahesabu, akatamka, na hana sababu ya kukupa isipokuwa kukutaka umwamini. Anayekisia kwa akili huweka sababu zake mezani: filamu hii imepokewa vizuri kwenye matamasha makubwa, mwongozaji huyu kazi zake zinafahamika, majaji huvutiwa na hadithi za namna hii. Unaweza kumpinga, naye akabadili kauli. Kupima mambo hivyo ni kuitumia akili tuliyopewa, na sioni dhambi hapo. Mtu akiweka mkeka, hilo ni jambo jingine: ni kamari, na hukumu yake inajulikana.

Lakini kijana alikuwa na swali la pili, zito zaidi. Kama kila kitu kimeshaandikwa, tunabishania nini?

Nilimkumbusha tuzo za Oscar za tarehe 26 Februari 2017, huku kwetu ikiwa asubuhi ya tarehe 27. Warren Beatty na Faye Dunaway walipewa bahasha isiyo yao, nakala ya ile ya mwigizaji bora wa kike, na Dunaway akaitaja La La Land kuwa filamu bora. Watengenezaji wake wakapanda jukwaani na kuanza kushukuru, kisha ikabainika kwamba mshindi ni Moonlight. Wahasibu wawili waliokuwa na bahasha walilijua jina la mshindi kabla ya hafla kuanza. Je, kujua kwao ndiko kulikoipa Moonlight ushindi? Hapana. Ilishinda kwa kura, na kura zilipigwa na watu kwa hiari zao. Na ukumbi mzima ulipoamini vingine, kura hazikubadilika.

Ikiwa ujuzi wa mwanadamu haumlazimishi mtu kutenda, kwa nini tudhani kwamba ujuzi wa Mwenyezi Mungu unatufunga mikono? Najua mfano huu haufiki mbali, kwa sababu mhasibu hakuwaumba wapiga kura. Hata hivyo unatosha kuonesha kwamba kujulikana kwa jambo hakuondoi wajibu wa mtendaji. Mwigizaji hawezi kusema, "Imeshaandikwa," kisha asihudhurie mazoezi.

Kinachonitia hofu katika mabishano haya kiko kwingine. Mwaka 2001 Tanzania ilipeleka filamu Oscar kwa mara ya kwanza: Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Ilipita miaka 21 kabla ya kupeleka nyingine, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Zote mbili hazikufika hatua ya kuteuliwa. Mwaka ule wa 2022 kibarazani kwangu wengi walisema mapema kwamba Vuta N'Kuvute haitapita, na walisema kweli. Ila nilipowauliza kama wameiona filamu yenyewe, nyuso ziliinama. Walikuwa wamekisia majaji watasema nini, wakaona wamemaliza kazi.

Hapo ndipo lilipo kosa ninaloliona. Dini yetu inatukataza kuuficha ushahidi, na aliyeitazama filamu ni shahidi. Aliyemwona Yasmin wa Vuta N'Kuvute akiikimbia ndoa ya mwanamume aliyempita umri kwa mbali, katika Unguja ya miaka ya 1950, ana jambo la kushuhudia: kama alimwamini binti yule, kama mavazi yalisema kweli juu ya zama zile, kama penzi lake na Denge, mpigania uhuru, liliubeba uzito wa siasa au lilielemewa nao. Aliyemwona Amandina Lihamba katika Maangamizi, akicheza mwanamke aliyenyamaza kwa miaka mingi, naye ana ushahidi juu ya kiasi gani uso wa mtu unaweza kusema bila neno. Ushahidi huo hausubiri bahasha. Hukumu ya majaji haiuongezi wala haiupunguzi, maana majaji hupima kwa macho yao, na sisi tumepewa ya kwetu.

Wapo watakaosema kwamba kukisia huwavuta watu kutazama filamu. Ni kweli, na kwa hilo nawapenda vijana hawa na kelele zao. Ninachowataka ni mpangilio: kwanza tazama, kisha sema kazi hii inastahili nini na kwa nini, ndipo ukisie. Anayeanza na makisio amewaachia wengine uamuzi wa kipi ni kizuri, na wengi wa hao hawaijui Unguja wala Kiswahili.

Jibu langu kwa kijana, basi, ni hili. Kukisia si ramli, maadamu unatoa sababu na unajua kwamba hujui. Nani atashinda ni ghaibu, na hatutaulizwa juu ya ghaibu. Kazi iliyofanywa mbele ya macho yetu si ghaibu. Juu ya hiyo tutaulizwa kama tulisema kweli.