Njia Ilikuwa Wazi

Majirani zetu walifungiwa. Uganda ilisimamisha usafiri wa umma Machi 25, 2020, na Aprili 6 Kenya ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi. Kwetu Tanzania, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa Machi 16, shule na vyuo vilifungwa, lakini mabasi hayakusimama. Uliweza kupanda gari Mbeya alfajiri, ukapita Chimala, Makambako na Mafinga, mchana ukateremka Ipogolo, Iringa, na asitokee wa kukuuliza umefuata nini.

Wanaosimulia korona ya Tanzania hulipita hilo haraka. Kwa ukoo kama wetu, wenye mguu mmoja Mbeya na mwingine Iringa, uhuru ule ulikuwa mtihani. Mganda aliyeshindwa kwenda kumwona mama yake alikuwa na amri ya serikali ya kuitaja. Mimi ningetaja nini? Shangazi yangu yuko Ifunda, umri umekwenda na kifua kinamsumbua tangu zamani. Kutokwenda kulikuwa uamuzi wangu mwenyewe, na huku kwetu ndugu asiyefika hutafutiwa sababu. Inayopatikana upesi ni kwamba ana maringo.

Mwanzoni mwa Machi ile, Rais Magufuli na Maalim Seif walisalimiana Ikulu kwa kugusanisha miguu, watu wakacheka. (Nani angejua kwamba kabla Machi nyingine haijaisha tungekuwa tumewazika wote wawili?) Lakini salamu ya mguu ni ya watu waliokwisha kukutana. Nenda Uhehe msimu wa ulanzi, kopo moja linazunguka wanywaji wote. Ukilikataa, afadhali usingekuja.

Waliotuokoa ni makonda. Simu peke yake haikutosha: shangazi hasikii vizuri, na kifurushi kiliisha kabla hatujafika kwenye habari za ng'ombe. Lakini mfuko wa mchele wa Kyela uliofungwa kwa kamba, ukaandikwa jina na namba, ukashushwa Ifunda mbele ya macho ya jirani zake, huo hakuna aliyeweza kuuita maringo. Gari la kurudi lilileta maharage, na siku moja kuku hai, ambaye konda alimlalamikia njia nzima. Nikituma hela kwa simu, ya kutolea ilikuwa ndani. Kumtumia mzee elfu kumi kavu, halafu akatwe mwenyewe kwa wakala, sijui watu hulifanyaje jambo hilo bila aibu.

Msiba ndio uliotushinda. Katikati ya mwaka tulifiwa na baba mdogo. Rambirambi ilipita kwenye simu, lakini nani angepasua kuni, nani angechota maji, nani angelala nje na waombolezaji kwenye baridi ile ya Juni? Vijana waliokuwa karibu walifanya kazi yao na yetu. Tuliokuwa Mbeya tukapigiwa simu na mzee wa ukoo. Hakutulaumu. "Wanangu," alisema, "pole zenu zimefika. Mvua zikianza mtakuja kulima shamba la mjane."

Desemba tukaenda na majembe. Mzee alikuwa amekaa kivulini mwa mparachichi na daftari la shule, anaita majina. Alipofika kwa binamu yangu wa Tukuyu na asisikie jibu, alichora mstari, akaniomba namba yake ya simu.