Mali Iliyotoka Mkononi

Tajiri akiligharamia jarida la maoni, maoni yale ni ya nani? Kwangu hili ni swali la dini. Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa wakfu wa msikiti mtaani kwetu Mombasa, na huko ndiko nilikojifunza kutenganisha kusaidia na kumiliki. Aliyeweka maduka yake wakfu hawezi tena kuyauza, kuyatoa zawadi wala kuyarithisha. Masharti aliyoyaweka tunayafuata. Akibadili mawazo baadaye, hatumfuati.

Jarida la The New Republic lilianza Marekani mwaka 1914 kwa fedha za Dorothy Straight na mumewe Willard. Katika uchaguzi wa urais wa mwaka 1916 wahariri walimuunga mkono Woodrow Wilson ilhali Willard alimtaka mpinzani wake, na fedha hazikukatika. Nawaheshimu mno kwa hilo. Lakini uhuru ule uliegemea hulka ya watu wawili, na hulka hairithiwi. Martin Peretz alilinunua mwaka 1974. Haukupita muda mrefu, mhariri aliyemkuta akaondolewa. Mwaka 2012 akaja Chris Hughes, mmoja wa waanzilishi wa Facebook, akatia zaidi ya dola milioni 20. Desemba 2014, jarida limetimiza miaka 100, mhariri Franklin Foer alijiuzulu baada ya kujua kwamba mrithi wake keshapatikana, na wenzake wengi wakamfuata. Mwaka 2016 Hughes aliliuza. Siamini alikuwa na nia mbaya. Alitoa mali bila kuiachia.

Uingereza mambo yalikwenda tofauti: mwaka 1936, John Scott, mmiliki wa gazeti la Manchester Guardian, alizikabidhi hisa zake kwa wadhamini. Watasema aliogopa kodi ya mirathi, na ni kweli, maana baba yake na ndugu yake walifariki mwaka mmoja, 1932. Nia ilichanganyika, lakini hisa zilitoka mkononi mwake. Pamoja nazo lilikuwamo gazeti la jioni, Manchester Evening News, ambalo faida yake ililibeba lile la asubuhi kwa miaka mingi.

Kwangu hilo la gazeti la jioni ndilo zito zaidi. Duka la wakfu huleta pango, mnazi huangusha nazi. Jarida la maoni aghalabu hula tu. Ukiliweka wakfu peke yake, litakufa na uhuru wake. Liwekewe na jengo au biashara ya kulilisha, na wasimamizi wasiomtegemea mtoaji kwa riziki yao.