Dawa ya Sukari na Tumbo la Mwenye Kusali

 Katika mitihani iliyoenea zama hizi ni maradhi ya sukari, nayo hayakuacha mji wala shamba. Katika milima ya Umatengo, Mapera na Mbinga, na chini yake katika mwambao wa Ziwa Nyasa, mwenye maradhi hayo aghalabu hupewa vidonge viitwavyo metifomini, avimeze kila siku miaka yote.

Wako waviachao, wala si kwa kukufuru neema ya dawa. Huviacha kwa ajili ya tumbo. Siku za mwanzo mtu huona kichefuchefu, tumbo hujaa upepo, na huenda akaharisha. Karibu mmoja katika kila wanne hupatwa na baadhi ya maudhi haya. Basi mtu wa msikitini huona haya kutoka safuni katikati ya sala, akakaa nyumbani. Kisha huona kukosa jamaa ni kubaya zaidi, akatupa vidonge akarudi. Watu humsifu kwa kuipenda sala, na hali sukari yamla macho na figo na mishipa ya miguu, kidogo kidogo, bila ya maumivu ya kumwonya.

Mtu huyu amedhani yampasa kuchagua moja, sala au dawa. Sharia haikumweka katika dhiki hiyo. Mwili ni amana, na Mtume, rehema na amani zimshukie, ameamrisha watu wajitibu.

Sababu ya maudhi hayo yajulikana: dawa hii hukusanyika katika kuta za utumbo kuliko katika damu. Kwa hiyo matabibu huanza na kipimo kidogo, aghalabu miligramu 500 kwa siku, kisha wakaongeza polepole. Na kidonge humezwa pamoja na chakula au mara baada yake, si juu ya tumbo tupu. Walio wengi hutulia baada ya wiki chache. Asiyetulia na arudi hospitali, ikiwa ni Litembo, Liuli au Peramiho, aeleze bila ya haya. Kwani iko namna ya kidonge hicho iyeyukayo taratibu, na tumbo huistahimili zaidi. Lakini akiharisha na kutapika hata maji hayakai, asimeze siku hiyo, na aende kwa tabibu upesi.

Na wasemao kwamba mizizi ni bora kuliko dawa ya kiwandani, na wajue kuwa asili ya dawa hii ni elimu iliyotokana na mmea uitwao galega, na tabibu Jean Sterne wa Ufaransa ndiye aliyetangaza matumizi yake kwa wenye sukari mwaka 1957.

Katika chakula, apunguze bonge la ugali, ukiwa wa mahindi au wa muhogo, na azidishe mboga za majani na maharage yatokayo katika ngoro. Maharage nayo huleta upepo. Basi ayaloweke usiku kucha, amwage maji yake, na aanze kwa uchache. Mafuta mengi huzidisha kichefuchefu. Dagaa na samaki wa Nyasa ni kheri kwake, kwani dawa hii ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12 mwilini, nayo imo katika samaki, nyama, mayai na maziwa. Ama ulanzi na kila kileo, vimekwisha kuharimishwa, na pamoja na dawa hii ni khatari.

Tuhuma ya udhu ina hukumu yake. Akipata wakati wa kutosha kutawadha na kusali bila ya kutokwa, hali yake ni kama ya watu wote. Ikiwa hadathi yaendelea hata hapati nafasi hiyo, katika madhehebu ya Imamu Shafii atajisafisha, atajifunga kitambaa, atatawadha baada ya kuingia wakati, kwa nia ya kuhalalishiwa sala, kisha asali pasipo kukawia, illa kwa maslaha ya sala, kama kungoja jamaa. Udhu huo ni wa faradhi moja, na sunna atakazo. Kitokacho baada yake hakimdhuru.

Na Ramadhani ikikaribia, amwendee tabibu mapema. Vidonge vya mara mbili humezwa wakati wa futari na daku. Kuchomwa kidole ili kupima sukari hakufunguzi. Na ikipimwa ikawa chini ya 70, au ikazidi 300, kwa hesabu ya miligramu katika desilita ya damu, na afungue saa ile ile. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Bakara, wala kuikataa si uchaji. Awezaye kulipa siku nyingine atalipa. Na ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupoa, wala hawezi kufunga, atatoa kwa kila siku kibaba kimoja cha nafaka iliwayo zaidi katika mji wake, na kwa watu wa Mapera nafaka hiyo ni mahindi.