Mungu Ana Kazi na Wewe

Kuna sentensi ambayo sisi Wakenya humpa mtu aliyeponea ajali kabla hata dripu haijaisha: Mungu ana kazi na wewe. Matatu imebingirika, wengine wamekufa, wewe umetoka na mkono uliovunjika. Shangazi anaisema, pasta anaisema, nesi anaisema huku akibadilisha bandeji. Hakuna anayeisema kwa ubaya. Lakini ukiisikiliza vizuri, ni pole iliyo na bili ndani yake. Umeachiwa uhai, sasa tuonyeshe wa nini.

Binamu yangu aliambiwa hivyo karibu mwaka mzima. Walikuwa wanne kwenye gari wakitoka matanga, akarudi yeye peke yake. Jumapili baada ya Jumapili alisimamishwa mbele atoe ushuhuda. Mwishowe akaanza kukwepa kanisa, kisha akaanza kutukwepa sisi. Siku moja tukiwa stejini akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza nauli: "Sasa wale watatu, Mungu hakuwa na kazi nao?"

Swali hilo limenifanya nimfuate kwa muda mrefu mzee mmoja ambaye sikuwahi kumwona. Anaitwa Jean-Pierre Schumacher. Alikuwa padre na mmonaki, yaani mtawa wa kiume aliyeweka nadhiri ya kuishi monasterini mpaka kufa. Ingawa alikuwa padre, wengi walimwita tu Bruda Jean-Pierre.

Alizaliwa mwaka wa 1924 huko Lorraine, Ufaransa, akapewa upadre mwaka wa 1953, na miaka minne baadaye akajiunga na Watrapisti, shirika linalopenda ukimya na kazi za mikono. Mwaka wa 1964 alitumwa Algeria, kwenye monasteri ya Tibhirine, milimani karibu na mji wa Médéa. Algeria ilikuwa imepata uhuru miaka miwili tu nyuma na Wafaransa wengi mno walikuwa wameshafunganya. Yeye ndiye alikuwa anaenda. Kazi zake huko hazikuwa za kujivunia: alikuwa bawabu, na ndiye aliyeenda sokoni. Majirani wote walikuwa Waislamu. Mwenzake, Bruda Luc, alikuwa daktari na alitibu yeyote aliyefika mlangoni.

Mwishoni mwa mwaka wa 1993, vita vya ndani vikiwa vimechacha, wapiganaji waliwapa wageni wote makataa: kufikia tarehe 1 Desemba wawe wameondoka. Katikati ya mwezi huo wafanyakazi 12 kutoka Croatia waliuawa si mbali na monasteri. Mkesha wa Krismasi watu wenye silaha wakafika Tibhirine penyewe. Wamonaki walikaa, wakajadiliana, wakapiga kura. Walibaki.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 1996 watu wenye silaha walirudi, wakachukua wamonaki saba. Jean-Pierre alikuwa amelala kwenye chumba cha bawabu, hawakumchukua. Bruda Amédée alikuwa chumbani mwake, mlango umefungwa, naye akasalia. Sasa shika hili: mmoja wa wale saba, Bruno, hakuwa akiishi Tibhirine wakati huo. Alitoka kwenye nyumba yao ndogo ya Morocco, akaja kwa siku chache tu kushiriki uchaguzi wa mkuu wa monasteri. Mgeni akachukuliwa, bawabu akaachwa. Tarehe 30 Mei vichwa vya wale saba vilipatikana. Miili haikupatikana, na ni nani hasa aliyewaua bado kunabishaniwa hadi leo.

Haya, tumwambie nini mzee huyu wa miaka 72? Mungu ana kazi na wewe?

Ukiifuata sentensi hiyo mpaka mwisho, inatisha. Ikiwa Mungu alimbakisha Jean-Pierre kwa mpango, basi mpango huo huo ndio uliompandisha Bruno ndege kutoka Morocco aje afe. Watu saba wanageuka kuwa utangulizi wa ushuhuda wa mtu mwingine. Sidhani kuna anayemaanisha hivyo akiwa kando ya kitanda cha hospitali, lakini ndivyo sentensi inavyosema, na aliyelala pale kitandani anaisikia yote.

Kiswahili kinajua tofauti ambayo midomo yetu huiruka. Kuna kubaki na kuna kubakishwa. Aliyebakishwa ana aliyembakisha, na huyo ana sababu yake, na sababu inadai matokeo. Aliyebaki amebaki tu. Mwaka wa 1993 Jean-Pierre alibaki kwa kura yake mwenyewe. Mwaka wa 1996 alibaki kwa sababu ya mlango. Hilo la kwanza mtu anaweza kulijibia mbele ya Mungu. La pili, anajibia nini?

Kinachonishangaza ni alichofanya na miaka 25 iliyofuata. Alihamia Morocco, kwanza Fès, halafu kuanzia mwaka wa 2000 Midelt, mji wa matufaha katikati ya milima ya Atlas. Akaendelea. Kuamka kabla ya mapambazuko, sala mara saba kwa siku, Misa, kazi, chakula, kulala. Mtu wa LinkedIn angekosa cha kuandika.

Ni kweli watu walimfuata, hasa baada ya filamu kuhusu Tibhirine kutoka mwaka wa 2010. Waandishi waliuliza swali lile lile, kwa nini wewe, naye akawajibu kwa upole. Tena aliona kuwasimulia wenzake kuwa sehemu ya wajibu wake, hilo sitalificha kwa sababu linaupunguzia makali ubishi wangu. Lakini tazama mpangilio. Habari za wenzake alizisimulia katikati ya maisha ambayo angeyaishi hata kama hakuna aliyeuliza. Hakuyapandisha bei maisha yake ili yalingane na vifo vyao.

Rafiki yangu alinipinga hapa. Buda, alisema, huyo ana nyumba na ugali wa bure, ni rahisi kwake kuishi kawaida. Ana hoja. Manusura wa kwetu huamka na kodi ya nyumba mlangoni. Garissa, Aprili 2015, watu 148 waliuawa, na waliokuwa madarasa na mabweni yale yale wakatoka hai sasa ni watu wazima, wengine bila shaka wanatafuta kazi kama wewe na mimi. Lakini hapo ndipo naona bili ile ni ya ukatili zaidi. Yaani mtu atafute kodi, alale na ndoto zile, na juu yake awe pia wa ajabu, la sivyo ati amepoteza nafasi ambayo wenzake hawakuipata. Akiuza mitumba vizuri, akalea mtoto, akazeeka, nani atasema hakuna kazi iliyofanyika?

Amédée alifariki mwaka wa 2008, Jean-Pierre akawa wa mwisho. Tarehe 8 Desemba 2018, huko Oran, wenzake saba walitangazwa wenye heri. Jaribu kuwaza: watu ambao ulijua nani anakoroma na nani hapendi supu, sasa wako kwenye picha za kuombea. Machi 2019 Papa Francis alizuru Rabat, akakutana na mzee, akainama akambusu mkono. Dunia ikaisambaza picha hiyo kwa siku mbili tatu.

Yeye akarudi Midelt, kwenye sala zake saba. Alikuwa na miaka 95. Alifariki huko huko, Jumapili ya tarehe 21 Novemba 2021.