Fedha Iliyofutika Tarehe

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikilie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mtu akichimba msingi wa nyumba kule Arusha, chini ya mlima Meru, akazikuta rupia za fedha katika mfuko uliooza, akazigeuza asione tarehe, nafsi yake humwambia: hiki ni kitu cha kale, hakina mwenyewe, kichukue. Neno hilo ni tamu, nalo ni la hatari. Kwani kufutika tarehe ni jambo moja, na kufutika haki ya mwenye mali ni jambo jingine.

Rupia hujulikana zama zake hata ikisagika. Wadachi walijenga boma lao Arusha mwaka 1900, na rupia zao zilikuwa na sura ya Mfalme Wilhelm wa Pili mwenye kofia ya chuma. Zile za kampuni, za mwaka 1890 mpaka 1902, nyuma zina ngao ya simba na mnazi. Zile za serikali, za mwaka 1904 mpaka 1914, hazina simba huyo. Tena reali ya Maria Theresa, iliyotumika sana pwani, tarehe yake ni 1780 siku zote, ijapokuwa imepigwa miaka zaidi ya mia baadaye. Basi tarehe si shahidi wa kutegemewa peke yake.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamepambanua. Hazina ya watu wa kabla ya Uislamu, iliyozikwa katika ardhi isiyo na mwenyewe, ni rikazi: hutolewa humusi, na iliyobaki ni ya aliyeipata. Lakini mali isiyojulikana ni ya zama zipi, hukumu yake ni ya lukata, kama alivyoeleza Imamu Nawawi katika Minhaji. Sembuse rupia ambayo zama zake ni za karibu! Ardhi ikiwa na mwenyewe, huulizwa yeye kwanza. Asipojulikana mwenye mali, hutangazwa mwaka mzima, sokoni na milangoni mwa misikiti. Mtume (s.a.w.) alimwamrisha mwenye kuokota aujue mfuko na kamba yake, hakutaja tarehe. Mwaka ukiisha, aweza kuitumia, lakini dhamana i shingoni mwake: mwenyewe akija, hulipwa.

Na aliyerithi rupia asitoe zaka kwa kuhisabu, bali apime kwa mizani. Rupia mpya ilikuwa na fedha safi kadiri ya gramu 10.7. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, nazo wanavyuoni wengi wa sasa wamezikadiria gramu 595. Basi rupia mpya 56 zafikia nisabu, na 56 zilizolika huenda zisifikie. Zaka hufuata fedha iliyopo.

Ama anayewauzia wageni, akachonga tarehe upya, au akasema ni ya mwaka fulani naye hajui, huyo ameghushi. Mtume alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta umande chini yake, akamkemea mwenye kuficha. Muuzaji na aseme waziwazi: tarehe imefutika. Bei ikipungua, kilichopungua ni bei tu, na amana yake imesalimika.

Mikono ya watu huifuta tarehe. Haki haifutwi ila na mwenyewe akisamehe. Wallahu aalam.