Jiko la Mkaa Lilale Nje

Wajukuu zangu, kipupwe kimeingia. Kule Makete asubuhi nyasi zimefunikwa na sakitu, Njombe watu wanatembea na mablanketi mabegani, na Mbeya mjini vidole vinakufa ganzi kwenye bomba la maji. Najua mnachokiwaza jioni hii. Mmepika, mmekula, jiko bado lina makaa mekundu, chumba ni cha baridi. Mnataka kuliingiza ndani.

Msiliingize. Nawaomba, msiliingize.

Nawaambia mapema kwa sababu habari hizi hunifikia zikiwa zimechelewa. Asubuhi mlango unagongwa, hakuna anayeitika. Jirani anadhani wamechoka, anaenda zake shambani. Akirudi anaukuta umefungwa vilevile, unavunjwa. Ndani kuna jiko lenye majivu na watu wamejifunika vizuri. Hakuna damu, hakuna kilichoibwa. Kisha maneno yanaanza: wamelogwa, wamewekewa kitu kwenye chakula. Ndugu wa upande huu wanaacha kusalimiana na ndugu wa upande ule. Jiko liko palepale pembeni, hakuna anayelishtaki.

Mtaniuliza: Babu, mbona ninyi mlilala na moto miaka yote?

Tulilala na moto, ni kweli. Moto wa kuni, mafiga matatu, katikati ya nyumba. Lakini nyumba ile ilikuwa ya fito na udongo, paa la nyasi. Moshi ulipenya juu, upepo uliingia chini. Sisifii maisha yale. Moshi ule ulituharibia macho na vifua, na bibi zenu wengi walikohoa mpaka kaburini. Ila moshi ulipozidi, mtu aliamka akatoka nje akitukana kuni mbichi. Alikuwa hai, anatukana.

Ninyi mmejenga kwa tofali za kuchoma. Mmepiga lipu, mmeweka siling bodi, mmefunga madirisha ya alumini, na chini ya mlango mmesokomeza nguo kuukuu. Ni nyumba nzuri, na nafurahi kuiona. Lakini nyumba hiyo haipumui, mwanangu. Kinachotoka kwenye jiko kinabaki humo humo pamoja nawe.

Na kinachotoka ndicho ninachotaka mkijue vizuri. Gesi ya mkaa inaitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, haimfanyi mtu akohoe. Mmeona ule mwali wa bluu unaocheza juu ya makaa jiko likikolea? Ule ni gesi yenyewe ikiungua. Mwali ukitoweka, makaa yakabaki mekundu na kimya, watu husema sasa moto umetulia, liingizwe ndani. Kumbe gesi haijaisha. Sasa inatoka bila kuungua, inaingia chumbani nzima nzima.

Kwa hiyo saa ile mnayoiona ya salama ndiyo ya hatari. Mimi husema hivi: moto unaotoa moshi unakuonya, moto usio na moshi unakusubiri ulale.

Ndani ya mwili mambo huenda hivi. Damu hubeba oksijeni kutoka mapafuni. Gesi hii hukaa kwenye kiti kilekile cha oksijeni, na huking'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Unavuta pumzi kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu inazunguka mikono mitupu. Kichwa kinaanza kuuma. Kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Unadhani ni uchovu wa mchana.

Anayestuka usiku mara nyingi hugundua kwamba miguu haimsikilizi. Mwandishi mkubwa wa Ufaransa, Émile Zola, alikuwa mtu mwenye uwezo na nyumba ya heshima mjini Paris. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Septemba 1902 yeye na mkewe walilala chumba chenye moto wa makaa, na njia ya moshi ilikuwa imeziba. Aliamka anajisikia vibaya, akashuka kitandani, akaanguka. Mke aliokolewa. Yeye hakuinuka tena.

Basi usiniambie, mjukuu wangu, kwamba ukisikia vibaya utaamka ufungue mlango. Akili yenyewe inayotakiwa kukuamsha ndiyo inayozimwa kwanza.

Nimesikia pia njia zenu za kujilinda. Wengine huweka sufuria ya maji karibu na jiko, ati yavute sumu. Maji hayaivuti gesi hii. Yatakuwa ya uvuguvugu tu, na ninyi mtakuwa wa baridi. Wengine huacha dirisha wazi kidogo. Tundu la kupitisha mkono halitoshi kwa chumba kilichofungwa usiku kucha, na saa nane baridi ikikaza mmoja wenu ataamka alifunge. Wengine hulifunika jiko kwa majivu wakasema limezimika. Jivu ni shuka la moto, si sanda yake. Chini ya jivu makaa yanaendelea kuungua polepole, kwa hewa kidogo, na moto wa hewa kidogo ndio unaotengeneza gesi hii kwa wingi.

Na wako wanaosema, nitaliweka nusu saa tu, nitalitoa kabla sijalala. Huyo ndiye ninayemwogopa zaidi. Amefanya kazi tangu alfajiri, ametoka kula ugali wa moto, amejifunika, joto limeanza kumwingia. Atalitoa saa ngapi?

Siku hizi kuna mkaa mbadala unaotengenezwa kwa makaa ya mawe, na watu wanausifu kwamba hauna moshi. Ni kweli unasaidia misitu yetu isiishe. Lakini wote ni mkaa, wa mti na wa mawe, na gesi yake ni ileile. Kupikia, upikie nje au jikoni penye uwazi. Kulala nao, hapana.

Wapo ninaotaka kuwataja mmoja mmoja, kwa sababu moyo wangu uko kwao.

Ninyi wanafunzi mliopanga mageto karibu na shule. Chumba kimoja, watatu au wanne, mnapikia mlangoni na mnasoma kitandani. Hakuna mzazi wa kuja kuchungulia. Mtihani unakuja, baridi inauma, na jiko liko miguuni. Wanangu, litoeni. Wazazi wenu waliuza viazi na mbao ili ninyi msome.

Wewe mama uliyejifungua juzi. Mama mkwe amekuja na jiko chumbani ili kichanga kisipate baridi, na unaona aibu kumkatalia. Mkatalie kwa heshima, au mtume mumeo akaseme. Mtoto mdogo hupumua haraka kuliko sisi, gesi humuwahi kabla ya mtu mzima. Mwenye mimba naye asikaribie, maana gesi huvuka mpaka kwa aliye tumboni. Joto la kichanga ni kifua chako: mvue nguo, mwache nepi na kofia, umweke ngozi kwa ngozi, mjifunike khanga na blanketi. Hospitali zinawafundisha akina mama hivyo kwa watoto njiti, na kwa baridi hii njia hiyo inafaa kwa kila kichanga.

Wewe mlinzi kwenye kibanda cha mabati. Mwajiri anakuona umesinzia, hajui unakufa. Jiko liwe nje ya mlango, nawe ukae upande upepo unakotoka.

Na ninyi mnaolea vifaranga kwa jiko la mkaa kwenye chumba kilichopakana na chumba cha kulala, mlango wa kati ukiwa wazi ili muwasikie wakilia. Gesi haikai kwa vifaranga tu.

Basi tufanye nini, Babu, tugande? Hapana. Pasha maji kwenye jiko hukohuko nje, uyatie kwenye chupa ngumu isiyovuja, uifunge kwa kitambaa, uiweke miguuni ndani ya blanketi. Inafika usiku wa manane ikiwa bado na joto. Kama unalala chini, usilaze godoro kwenye saruji tupu. Tandika maboksi na mkeka, maana baridi nyingi hutoka sakafuni. Vaa soksi na kofia. Laleni wawili wawili, enyi ndugu. Sokomeza nguo chini ya mlango kadiri unavyotaka, ilimradi hakuna moto ndani.

Mwenye uwezo, na ajenge sehemu ya moto yenye bomba la moshi linalotoka juu ya paa. Wenzetu wa nchi za baridi kali hawakuacha moto. Waliupa njia ya kutokea. Huko Pennsylvania, Marekani, mpaka leo wako watu wanaopasha nyumba zao joto kwa tanuri la makaa ya mawe, wanalolilisha wenyewe kwa koleo usiku na asubuhi. Wakiongeza makaa huacha baadhi ya makaa mekundu bila kufunikwa mpaka ule mwali wa bluu uwake, ili gesi iungue. Hawafungi kabisa njia ya bomba. Bomba lenyewe husafishwa, na ukutani huweka kengele ya kunusa gesi ile, kwa kuwa pua ya mtu haiwezi. Watu waliozaliwa na tanuri hilo bado wanaliogopa kiasi hicho. Wewe una jiko la bati lisilo na bomba, na unaliweka mbele ya mto.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu pengine mtayafikia yaliyokwisha kutokea.

Mkikuta watu wamelala na jiko ndani, fungueni milango na madirisha yote kwanza, vuteni pumzi nje, waburuzeni watoke. Msisimame humo ndani kuulizana. Msiwanyweshe maziwa, sumu haiko tumboni, iko kwenye damu, na asiyejitambua atapaliwa. Kila mmoja mkimbizeni hospitali yenye oksijeni hata kama amefungua macho na anasema yuko sawa. Kwa hewa ya kawaida gesi huchukua saa nyingi kutoka mwilini. Kwa oksijeni ya hospitali hutoka haraka zaidi.

Na mkifika, semeni kwa sauti: kulikuwa na jiko la mkaa chumbani. Msione aibu. Kichwa kuuma, kutapika na kulegea hufanana na malaria, na mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani na vidonge, kwenye chumba kilekile. Kile kifaa kidogo kinachobana kidole nacho hudanganyika. Kinaweza kuonyesha oksijeni nzuri hali damu imejaa gesi. Mkiona nyumba nzima imeamka na kichwa kinauma, hakuna mwenye homa, na wakitoka nje wanapata nafuu, hapo msitafute mbu wala mchawi. Aliyepona mwangalieni hata wiki kadhaa baadaye, maana wako wanaoanza kusahau na kuchanganyikiwa wakati watu wameshatulia.

Ukiwa bado una salio kwenye simu jioni hii, mpigie mdogo wako aliye geto, na dada aliyejifungua, na shemeji anayelinda usiku. Msalimie, kisha muulize jiko lake linalala wapi. Akisema ndani, usikate simu mpaka uusikie mlango wake ukifunguliwa.